Utsira: watu mia mbili na serikali yao kamili

Manispaa ya Utsira, katika pwani ya magharibi ya Norway, ni kisiwa chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 6 na wakazi wapatao 200. Hakuna manispaa nyingine nchini humo yenye watu wachache kuliko hao. Hata hivyo ina meya, baraza la madiwani, shule, chekechea, huduma za wazee, bajeti inayopitishwa kila mwaka na mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi yake, na mbele ya sheria majukumu yake ni yale yale yanayobebwa na jiji la Bergen lenye wakazi zaidi ya 280,000.

Anayetazama hesabu peke yake ataona ufujaji katika mpango huu, na anayeifahamu Norway kwa mafuta yake tu atasema kwamba hii ni anasa ya taifa tajiri. Maoni hayo yanapingwa na tarehe. Utsira ilipata manispaa yake tarehe 1 Julai 1924, miaka 45 kabla ya mafuta kugunduliwa katika eneo la Ekofisk mwishoni mwa 1969, wakati ambapo Norway ilikuwa nchi ya wavuvi, wakulima wadogo na mabaharia, na nyingi kati ya manispaa zake zilikuwa zimeelemewa na madeni. Kisiwa hiki kilipewa serikali yake na nchi isiyokuwa na fedha za kuchezea, kwa sababu iliaminika kwamba watu wanaoishi mbali wana haki ya kuamua mambo yao mahali wanapoishi. Ninaiona imani hiyo kuwa sahihi, na katika makala haya nitaitetea. Lakini nitaonyesha pia kwamba kisiwa kinaendelea kusimama kwa ruzuku zinazoweza kubadilishwa na bajeti ya mwaka wowote, wakati manispaa nyingine ndogo za Norway zinasimama juu ya haki zilizoandikwa katika sheria, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama Utsira itakuwapo baada ya miaka hamsini.

Utsira iko kilomita zipatazo 18 kutoka bara, magharibi mwa kisiwa kikubwa cha Karmøy, na ukielekea magharibi zaidi hukuti nchi kavu mpaka visiwa vya kaskazini mwa Scotland. Umbo lake ni vilima viwili vilivyotenganishwa na bonde, na kila mwisho wa bonde kuna bandari, moja upande wa kaskazini na nyingine upande wa kusini, hivyo nahodha anayekuta upepo mbaya upande mmoja huweza kujaribu upande wa pili. Miti ni michache. Kuna kuta za mawe, malisho ya kondoo, mashamba madogo, na juu ya kilima mnara wa taa uliowashwa mwaka 1844, ambao umesimama juu zaidi ya usawa wa bahari kuliko minara yote ya taa ya Norway. Wapenzi wa ndege hufika kila majira ya kupukutika majani, kwa kuwa kisiwa kimerekodiwa kuwa na aina zaidi ya 300 za ndege, wengi wao wakiwa wasafiri wanaopumzika kabla au baada ya kuvuka Bahari ya Kaskazini. Mabaharia wa Uingereza nao wanalifahamu jina lake, kwani tangu mwaka 1984 utabiri wa hali ya hewa ya baharini unaosomwa redioni nchini mwao umekuwa na maeneo mawili yanayoitwa kwa jina la kisiwa hiki katika tahajia yake ya zamani, Utsire Kaskazini na Utsire Kusini.

Watu wa hapa waliishi kwa samaki. Katika karne ya 19, kuanzia takribani 1808 hadi karibu 1870, makundi makubwa ya heringi yalisogea pwani hii kila mwishoni mwa majira ya baridi kwenda kutaga mayai, na wavuvi walimiminika kutoka kila upande. Mji wa Haugesund ulio ng'ambo umejengwa kwa heringi hao. Kisha samaki wakatoweka, na jamii zilizokuwa zimepanga maisha yao yote kwa msimu mmoja zikabaki na mashamba madogo, maboti na madeni. Historia hiyo ni muhimu kwa mtu anayetaka kuielewa Utsira ya leo, kwa sababu kisiwa kilijifunza mapema kwamba utajiri wa baharini huja bila mwaliko na huondoka bila kuaga, na kwamba kinachobaki baada yake ni kile tu ambacho watu wamejijengea wenyewe kwa pamoja.

Kabla ya 1924 Utsira ilikuwa sehemu ya manispaa ya Torvastad, iliyokuwa na makao yake kwenye kisiwa cha Karmøy. Mfumo wa serikali za mitaa za Norway ulianzishwa kwa sheria za mwaka 1837, ambazo ziliwapa wakulima na wenyeji wengine wenye haki ya kupiga kura madaraka ya kuchagua viongozi wa eneo lao na kusimamia kodi zao. Kwa mkulima wa bara sheria hizo zilimaanisha mwendo wa miguu au wa farasi kwenda kikaoni. Kwa mtu wa Utsira zilimaanisha kuvuka bahari ya wazi kwa mashua, na katika majira ya baridi, wakati vikao vingi vya bajeti hufanyika, bahari hiyo mara nyingi haivukiki. Haki ambayo hali ya hewa inaweza kuifuta ni haki pungufu, na kuundwa kwa manispaa ya kisiwa kuliondoa upungufu huo.

Kilichofuata mwaka mmoja baadaye kinastahili kuelezwa kwa kituo. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 1925, wapiga kura wa Utsira walichagua baraza la watu 12, na 11 kati yao walikuwa wanawake. Baraza hilo likamchagua Aasa Helgesen, mkunga wa kisiwa, kuwa meya. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa meya katika historia ya Norway, na aliongoza kuanzia mwanzo wa 1926 hadi mwisho wa 1928. Wanawake wa Norway walikuwa wamepata haki kamili ya kupiga kura katika uchaguzi wa mitaa mwaka 1910 na wa bunge mwaka 1913, lakini haki ya kupiga kura na haki ya kushika madaraka zilikuwa mbali sana. Katika miji mikubwa wanawake wachache walioingia kwenye mabaraza walikaa viti vya pembeni. Hapa kisiwa chenye umaskini na upepo, ambacho hakikuwa na chama chochote cha wasomi wa kutetea wanawake, kikatangulia miji yote.

Sidhani kwamba jambo hilo lilitokea kwa bahati. Katika jamii ya watu mia chache kila mpiga kura anamfahamu kila mgombea kwa kazi yake, na mkunga ni mtu aliyeingia katika nyumba zote, amewaona watu katika saa zao ngumu, ametunza siri zao, na ameheshimiwa kwa uamuzi wake. Wanaume wengi walikuwa baharini kwa sehemu kubwa ya mwaka, na shughuli za kisiwa zilikuwa tayari mikononi mwa wanawake hata kabla ya kura kupigwa. Udogo wa mahali ulifanya ukweli huo usiweze kufichwa nyuma ya desturi. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoamini kwamba maendeleo ya siasa huanzia mjini na kufika kijijini yakiwa yamechelewa, ilhali Utsira ilikuwa mbele ya mji mkuu wake katika jambo kubwa kama hili.

Manispaa ndogo zimekuwa zikitakiwa kujieleza tangu zamani. Mwaka 1958 Norway ilikuwa na manispaa 744. Tume ya serikali iliyojulikana kwa jina la mwenyekiti wake, Nikolai Schei, ilipendekeza kuziunganisha ili ziwe na nguvu ya kujenga shule na huduma za afya zilizotakiwa na taifa la baada ya vita, na kufikia 1967 zilibaki 454. Torvastad, manispaa mama ya Utsira, ilifutwa mwaka 1965 na kuingizwa katika manispaa mpya ya Karmøy. Mtoto aliyejitenga akabaki. Wimbi la pili lilianzishwa na serikali ya Erna Solberg mwaka 2014, na kufikia tarehe 1 Januari 2020 idadi ya manispaa ilikuwa imeshuka kutoka 428 hadi 356. Safari hii pia Utsira haikuguswa. Muungano mmoja wa manispaa uliolazimishwa katika wimbi hilo ulivunjika baada ya miaka michache tu, kwa sababu wakazi hawakuukubali, na mwaka 2024 idadi ikapanda tena kidogo.

Watetezi wa muungano wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Manispaa ya Norway hubeba mzigo mzito: elimu ya msingi kuanzia darasa la kwanza hadi la kumi, chekechea, daktari wa familia, matunzo ya wazee nyumbani, ulinzi wa watoto, maji safi na maji taka, vibali vya ujenzi, mipango ya ardhi, zimamoto na maandalizi ya majanga. Kila jukumu lina sheria yake, na kila sheria inadai wataalamu. Watu 200 hawawezi kuajiri mwanasaikolojia, mwanasheria, mhandisi na mtaalamu wa mazingira, na hata kama fedha zingekuwepo, kazi ya kutosha isingekuwepo. Ndiyo maana manispaa ndogo hushirikiana na majirani kwa mikataba, ambapo mji mkubwa hufanya kazi fulani kwa niaba yao na kulipwa.

Ugumu mwingine hauzungumzwi sana, nao kwangu ni mzito kuliko fedha. Sheria ya utawala ya Norway inamkataza mtumishi au diwani kushiriki katika uamuzi unaomhusu yeye au ndugu yake wa karibu. Katika jiji sheria hiyo haisumbui mtu. Katika kisiwa cha watu 200, ambako koo chache zimeoana kwa vizazi vingi, ombi la kibali cha kujenga ghala au malalamiko juu ya mpaka wa shamba linaweza kuwatoa nje ya ukumbi madiwani kadhaa kwa wakati mmoja. Na pale jambo linapohusu mtoto anayeonewa nyumbani, je, nani atapiga simu ya kwanza, ikiwa anayetoa taarifa, anayeipokea na anayetuhumiwa wote watakutana dukani kesho yake? Kwa kazi kama hii mtaalamu anayetoka ng'ambo ni bora kuliko jirani mwema, na manispaa ndogo inayokubali hivyo haipotezi heshima yoyote.

Hata hivyo hoja hizo zinathibitisha haja ya kushirikiana, na hazithibitishi haja ya kufutwa. Sheria ya serikali za mitaa inataka manispaa zenye wakazi wasiozidi 5,000 ziwe na madiwani wasiopungua 11. Kwa Utsira maana yake ni kwamba katika kila watu kumi na wanane, watoto wakiwemo, angalau mmoja anakaa barazani. Katika muda wa miaka ishirini sehemu kubwa ya watu wazima wa kisiwa hupitia huko. Wanajifunza kusoma bajeti, wanajua kwa nini paa la shule limesubiri, wanafahamu gharama halisi ya mita moja ya bomba la maji. Kisiwa hicho kikiingizwa katika manispaa kubwa ya bara kitapata, kwa hesabu ya idadi ya watu, sehemu ya kiti kimoja. Diwani mmoja wa kisiwa, kama atapatikana, ataomba shule ibaki wazi mbele ya wenzake wanaotafuta pa kupunguza matumizi, na kila mwaka ataombwa aeleze upya kwa nini wanafunzi wachache wana shule yao. Naona matokeo ya mjadala huo yanajulikana kabla haujaanza.

Shule, kwa Utsira, ndiyo mpaka kati ya kuwa na jamii na kuwa na nyumba za likizo. Mtoto hawezi kuvuka kila asubuhi kwenda kusoma bara, kwa sababu meli kutoka kisiwani hadi Haugesund huchukua zaidi ya saa moja na dhoruba huweza kuizuia. Wanafunzi wanapomaliza darasa la kumi, wakiwa na umri wa miaka 15 au 16, huondoka kwenda kusoma sekondari ya juu bara, na wengi hupanga vyumba huko wakiishi bila wazazi. Huo ni umri mdogo wa kujitegemea. Mzazi wa Utsira anajua tangu siku mtoto anapozaliwa kwamba atamwachia mapema, na kisiwa kinajua kwamba kati ya wanaoondoka ni baadhi tu watakaorudi. Wakati wa kuundwa kwa manispaa idadi ya watu ilikuwa kubwa kuliko ya sasa. Anayetaka kurudi akiwa na familia anahitaji vitu vitatu kwa pamoja, yaani kazi, nyumba na meli inayoaminika, na akikosa kimojawapo viwili vingine havimsaidii.

Fedha za kuendesha yote haya hutoka hasa sehemu mbili, kodi ya mapato ya wakazi na mgawo wa serikali kuu, na katika manispaa ndogo sehemu ya pili ni kubwa mno. Mgawo wa Norway umejengwa juu ya kanuni ninayoiheshimu: gharama isiyoepukika inayotokana na mahali mtu anapoishi inapaswa kubebwa na taifa zima, ili mtoto wa kisiwani apate elimu ile ile aipatayo mtoto wa mjini. Mwaka 2017 serikali iliongeza kipimo kipya. Ruzuku ya msingi, ambayo awali kila manispaa ilipewa kwa kiwango kimoja, ikaanza kupimwa kwa umbali ambao mkazi wa kawaida analazimika kusafiri ili kuwafikia watu 5,000. Lengo lilikuwa kutenganisha manispaa zilizo ndogo kwa sababu ya milima na bahari na zile zilizo ndogo kwa sababu hazitaki kuungana na jirani aliye mwendo wa dakika kumi. Kwa kipimo hicho udogo wa Utsira ni wa kulazimishwa, na bahari ni ushahidi wake.

Kipimo kilikipendelea kisiwa, lakini kilileta wazo ninaloliona kuwa la hatari. Kwa mara ya kwanza udogo ukagawanywa kuwa ule unaosameheka na ule usiosameheka, na mwenye kusamehe ni wizara iliyoko Oslo. Kanuni za ruzuku hurekebishwa mara kwa mara, vigezo huongezwa na kuondolewa, na kila rekebisho hubadilisha uzani wa umbali, wazee, watoto au uchache wa watu. Baraza la Utsira linaweza kusimamia kila kroni kwa uangalifu na bado likajikuta na upungufu kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa upya katika kanuni ambayo halikuitunga.

Kuna manispaa ndogo za Norway ambazo hazina hofu hiyo. Eidfjord, iliyo ndani kabisa ya ghuba ya Hardanger, ina watu wapatao 1,000. Nayo ilifutwa mwaka 1964 na kuingizwa Ullensvang, ikarejeshwa kuwa manispaa kamili mwaka 1977, na mwaka 1980 kituo kikubwa cha umeme wa maji cha Sima kikaanza kazi humo. Utajiri wake hautokani na maporomoko peke yake, kwani maporomoko yalikuwapo tangu zamani za kale. Unatokana na sheria. Mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyabiashara wa kigeni walipokuwa wakinunua haki za mito, Norway ilipitisha sheria za vibali, na sheria za 1909 na 1917 ziliweka msingi uliopo mpaka leo: anayepata kibali cha kuyatumia maji analipa ada kwa manispaa iliyoathirika, na manispaa inaweza kupata hadi asilimia 10 ya umeme kwa bei inayokaribia gharama ya kuuzalisha. Baadaye ikaongezwa kodi ya maliasili kwa kila kilowati-saa, na manispaa hutoza pia kodi ya mali juu ya mitambo. Mapato hayo hayaitwi msaada. Ni malipo ya kitu kilichotwaliwa, na waziri wa fedha hawezi kuyapunguza kwa kubadilisha kipimo cha umbali.

Sasa tuirudie Utsira tukiwa na jambo hilo akilini. Chini ya Bahari ya Kaskazini kuna tabaka la mchanga lenye maji ya chumvi linaloitwa Utsira, na tangu 1996 hewa ya ukaa inayotenganishwa na gesi ya eneo la Sleipner imekuwa ikisukumwa na kuhifadhiwa humo, jambo lililokuwa la kwanza la aina yake duniani kwa kiwango cha viwanda. Kuna pia mwinuko wa miamba unaoitwa kwa jina hilo hilo, na juu yake liko eneo la Johan Sverdrup, mojawapo ya maeneo makubwa kabisa ya mafuta ya Norway, lililoanza uzalishaji Oktoba 2019. Wanajiolojia waliazima jina la kisiwa kilicho karibu. Kisiwa chenyewe hakilipwi chochote kwa sababu ya ukaribu huo, kwa kuwa mafuta ya baharini ni mali ya taifa na kodi zake huenda serikali kuu na katika mfuko wa akiba wa vizazi vijavyo. Sina ubishi na kanuni hiyo. Lakini katika ukanda huo huo manispaa ya Tysvær hupata kodi ya mali kutoka kiwanda cha gesi cha Kårstø, kwa sababu bomba linaishia katika ardhi yake. Kinachogawa neema hapa ni mahali chuma kinapogusa nchi kavu.

Utsira haikukaa ikilalamika. Mwaka 2004 kampuni ya Norsk Hydro na watengenezaji wa mitambo ya upepo wa Enercon walianzisha kisiwani mradi wa kuhifadhi umeme wa upepo kwa njia ya haidrojeni. Mitambo miwili ilizalisha umeme, ziada yake ikatumika kutenganisha maji, haidrojeni ikahifadhiwa katika tangi, na upepo ulipotulia ikageuzwa kuwa umeme tena kwa ajili ya nyumba 10. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa aina hiyo wa kiwango kamili, na uliendeshwa kwa miaka kadhaa. Ulithibitisha kwamba mbinu inafanya kazi na kwamba ni ghali, na mambo yote mawili yalikuwa na thamani kwa wahandisi waliofuata. Wakazi walikubali nyumba zao ziwe sehemu ya jaribio ambalo lingeweza kuwaacha gizani. Taifa liliwahitaji, nao wakaitikia.

Ombi la sasa ni kubwa zaidi. Mwezi Juni 2020 serikali ilitangaza kufungua eneo la bahari linaloitwa Utsira Nord, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, lenye kilomita za mraba 1,010, kwa ajili ya mitambo ya upepo inayoelea yenye uwezo wa hadi megawati 1,500. Kina cha bahari hapo ni kikubwa mno kwa mitambo ya kusimikwa chini, hivyo teknolojia yenyewe bado ni changa na ghali, na bunge limekubali ruzuku ya hadi kroni bilioni 35 ili hatua ya kwanza iweze kujengwa. Eneo hilo liko chini ya sheria ya nishati ya baharini iliyoanza kutumika 2010, ambayo mamlaka yake ni ya serikali kuu. Wavuvi wana wasiwasi juu ya maeneo yao ya kazi, watafiti wa ndege wana wasiwasi juu ya njia za wasafiri wale waliokifanya kisiwa kijulikane, na baraza la Utsira lina nafasi ya kutoa maoni, lakini halina hatimiliki ya kitu chochote kitakachojengwa huko.

Hili ni jambo ambalo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki analijua kwa uchungu wa karibu. Kampuni ya Equinor, ambayo ni miongoni mwa waliojitokeza kutaka kujenga Utsira Nord, ndiyo ile ile iliyogundua gesi katika kina kirefu cha bahari mbele ya Lindi mwaka 2012, wakati ikiitwa Statoil. Na mwaka uliofuata wananchi wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, kwa hofu kwamba mali ingepita mbele ya macho yao bila kutua. Hoja ya serikali, kwamba rasilimali ni ya taifa zima, ilikuwa ya kweli. Swali la wananchi, kwamba mahali palipo karibu na rasilimali panapata nini kwa kubeba usumbufu wake, nalo lilikuwa la kweli, na hoja ya kwanza hailijibu swali hilo. Norway imelijibu vizuri kwa upande wa maji. Kwa upande wa bahari kuu haijalijibu hata nyumbani kwake.

Mifano ya kufuata haihitaji kutafutwa mbali. Tangu 2022 mitambo ya upepo ya nchi kavu hulipa tozo kwa kila kilowati-saa inayozalishwa, na fedha hizo hufika kwa manispaa zinazoipokea. Kwa ufugaji wa samaki baharini upo mfuko maalumu unaozigawia manispaa na majimbo ya pwani sehemu ya mapato ya vibali. Hivyo taifa limekwisha kukubali kwamba upepo unaweza kulipa, na kwamba bahari inaweza kulipa. Upepo wa baharini ndio pekee uliobaki nje ya kanuni hizo mbili, na sababu ya kiufundi inayotolewa, kwamba mitambo iko nje ya mipaka ya manispaa, inasahau kwamba meli za matengenezo, nyaya, kelele za ujenzi na mandhari iliyobadilika havisimami kwenye mstari wa ramani.

Wanaopinga watasema kwamba mradi unaoendeshwa kwa ruzuku hauwezi kutozwa. Tuangalie hesabu. Chukua megawati 500 tu, theluthi moja ya uwezo uliotangazwa, na uchukulie kwamba mitambo itatoa nusu ya uwezo wake kwa wastani wa mwaka mzima. Uzalishaji utakuwa kilowati-saa bilioni 2.19. Øre moja kwa kila kilowati-saa, yaani sehemu moja ya mia ya kroni, italeta kroni milioni 21.9 kwa mwaka, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na ruzuku ya bilioni 35. Kikigawanywa kwa manispaa kumi za pwani iliyo karibu, kila moja itapata zaidi ya kroni milioni mbili kila mwaka kwa muda wote wa kibali. Kwa mji wa bara hiyo ni tarakimu isiyoonekana katika vitabu. Kwa baraza la Utsira ni mishahara ya walimu wawili, bajeti yoyote ikipitishwa Oslo.